Tundu la Sufuria

Usigonge.
Hilo la kwanza, Tymek, na mengine yote yakikutoka
lishike hilo: barafu ya bwawa haigongwi.
Goti langu limegoma tangu Novemba, ngazi zina utelezi,
basi mimi ni mdomo hapa dirishani
na wewe ni mikono, ndani ya glovu za baba yako
zinazokupwaya.

Mwaka ule wa shoka, babu yako Eugeniusz
aliwahurumia. Alisema wanakosa hewa,
akapanda juu ya barafu, akapiga mara nne.
Mpaka leo nausikia mlio ule ukikimbia chini ya theluji
hadi kwenye kuta za saruji, na kurudi.
Kimya kingi kina mshindo, ndivyo wasemavyo;
lakini samaki hana pa kuuweka mshindo
ila mwilini.
Aprili aliwaopoa kwa chujio langu la jikoni.
Tisa. Nilikuja kuwahesabu baadaye, ndani ya ndoo.
Shoka akalipeleka kwa jirani, likae hukohuko.

Sasa sikiliza. Sufuria ile nyeusi, ya viazi.
Maji yamechemka, yanacheza.
Iweke palepale pa jana, ambapo ganda ni jembamba;
usiimwage, usiikandamize, iweke tu
kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia begani.
Maji ya moto hayachomi nyumba,
ila mlango yataufungua, ukiyapa muda.
Ikipoa, rudi nikupe nyingine.

Hapana, mkate usiwape.
Najua umeuficha, naona chembe kwenye koti.
Tangu mti wa tufaha ulipopukutika hatujawapa kitu.
Matumbo yao yalilala kabla yao;
mkate utaozea humohumo.
Si njaa hiyo unayoiona. Ni hesabu:
moyo unapiga, unangoja,
unafikiri kama kuna haja ya kupiga tena.

Wala usikoroge kwa fimbo.
Chini kabisa, kwenye shimo alilochimba Eugeniusz,
kina cha kimo chako pamoja na kofia,
kuna tandiko la maji ya nyuzi nne.
Ndilo joto lote walilo nalo duniani.
Ukikoroga, umewavua blanketi.

Nje ni nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri.
Redio imesema Suwałki imekuwa ya kwanza tena,
kana kwamba tulikuwa mbioni.

Sufuria ya tatu. Mvuke unamficha hadi kifuani.
Anaiinua, na pale ilipokaa
pana duara jeusi, upana wa sahani,
linalopumua.
Anachomeka tita la matete nililomfungia kwa kamba,
ili usiku ukifunga hewa ipite ndani ya mashina.
Kisha analala kifudifudi, mtoto huyu asiyetulia hata kanisani,
viganja vikikinga mwanga kando ya macho,
na anakaa hivyo, anakaa,
mpaka nagonga kioo kwa pete yangu,
mimi niliyekataza kugonga.

Anageuka. Anainua vidole: sita.
Mimi nainua saba.
Anachungulia tena tunduni. Ananitazama
usoni. Kisha, taratibu, kidole kimoja kinaongezeka,
kile cha mwisho, kikitetemeka ndani ya glovu kubwa.

Namjua mwongo huyu. Damu yake naijua.
Hivyohivyo Eugeniusz alisimama mlangoni Aprili ile,
chujio nyuma ya mgongo, likidondosha maji,
akaniambia ni watatu tu.

Haya. Saba.
Ingia ndani, vua viatu, leta masikio yako karibu na jiko.
Nimekwisha kulibandika birika tena,
maana tundu litaanza kujifunga kabla ya saa nne,
na huyo wa saba, kama yupo,
naye atataka hewa.